Kengele ya Saa Kumi

Kwa miaka tisa sikuhitaji saa ya kuniamsha. Naishi Likoni, ng'ambo ya kivuko, na kazi yangu ya ualimu ilikuwa kisiwani Mombasa. Baada tu ya adhana ya alfajiri, vibarua wa bandarini walianza kupita chini ya dirisha langu, viatu vyao vizito vikikwaruza changarawe. Nyuma yao alikuja mama muuza mahamri na mwanawe aliyejitwika sufuria ya mbaazi. Kisha matatu ya kwanza, makanga akipiga bati kwa kiganja na kuita, "Feri! Feri! Feri!" Matatu ya tatu ikinikuta bado nachana nywele, nilijua kengele ya shule italia nikiwa njiani.

Jumatatu ya tarehe 16 Machi 2020 niliamka vilevile, nikavaa, kisha nikakaa ukingoni mwa kitanda. Ijumaa iliyotangulia, Waziri wa Afya Mutahi Kagwe alikuwa ametangaza mgonjwa wa kwanza wa korona nchini Kenya. Jumapili Rais Uhuru Kenyatta akaamuru shule zifungwe: za kutwa kuanzia kesho yake, za bweni kufikia Jumatano, vyuo vikuu kufikia Ijumaa. Ndani ya mkoba wangu mlikuwa na madaftari thelathini na manane ya insha. Nilikuwa nimekesha nikiyasahihisha, na wenyewe wasingekuja kuyachukua.

Wiki ya kwanza tuliila kama likizo. Nilifua mapazia, nikapanga kabati, nikalala mchana. Wiki ya pili siku zilianza kushikana kama tambi zilizopikwa kwa maji mengi. Chai ya asubuhi ikanywewa saa tano. Mwanangu wa darasa la sita akashinda na nguo za kulalia. Baba yake yuko Doha kikazi, na safari za ndege za kimataifa zilipositishwa mwishoni mwa mwezi ule, hata ule mpango wake wa kuja likizo ya Aprili tuliacha kuutaja. Nilijilaumu kwa uvivu. Niliandika ratiba kwa kalamu nyekundu, nikaibandika mlangoni, na siku ya tatu hakuna aliyeitazama.

Ilinichukua muda kuelewa kilichokuwa kimeharibika. Nilichokuwa nikikiita ratiba yangu sikukitengeneza mimi. Kilishikwa na watu wengine: vibarua, makanga, mabaharia wa feri, muuza mahamri, bawabu wa shule, na Mama, ambaye kila siku ya kazi saa kumi alasiri nilipita kwake Kibokoni, Mji wa Kale, nikanywa naye chai kabla ya kuvuka kurudi. Kila mmoja alishika saa moja ya siku yangu na kunikabidhi kwa mwenzake. Walipoondoka njiani, siku ilianguka, na ratiba yangu ya kalamu nyekundu haikuweza kuiinua, kwa sababu ndani yake hapakuwa na mtu yeyote anayeningoja.

*

Tarehe 27 Machi, Ijumaa, kafyu ilianza nchi nzima, kutoka saa moja jioni hadi saa kumi na moja alfajiri. Siku hiyo nilikuwa nimevuka kumpelekea Mama dawa zake za presha na sukari. Niliaga mapema, nikidhani nimejipa nafasi ya kutosha.

Asiyeijua feri ya Likoni ni vigumu kumweleza. Mlango ule wa bahari ni mwembamba, mtu akisimama upande mmoja anaona rangi ya shati la aliyesimama upande wa pili, lakini wakati ule hapakuwa na njia nyingine ya karibu ya kuingia kisiwani kutoka kusini. Kwa kawaida watu zaidi ya laki tatu huvuka kwa siku, wengi wao kwa miguu na bila malipo. Tumezoea kusongamana. Mwenye kuku hushusha tenga, mwenye mtoto hupishwa, na lango likifunguliwa tunateremka kama maji.

Jioni ile kila mtu alitaka kuvuka kabla ya saa moja. Feri ni zilezile, tena zimeagizwa zibebe watu wachache kuliko kawaida ili wasikaribiane. Foleni ikarudi nyuma hadi barabarani. Jua lilikuwa bado halijazama nilipoona watu wa mbele wakigeuka na kukimbia kuja kwetu. Mabomu ya machozi yalirushwa, virungu vikafuata, na watu wakalazimishwa kukaa chini wakiwa wamebanana kuliko walivyokuwa wamesimama. Kijana mmoja wa mkokoteni alinivuta nyuma ya magunia yake ya viazi, akanipa maji ya kunawa macho kutoka kwenye chupa yake mwenyewe. Wakati ambapo tulikuwa tumeshaambiwa tusishikane hata mikono, kijana yule alinishika bega mpaka nikaacha kutetemeka. Sikumbuki kama nilimshukuru. Siku chache baadaye Rais aliomba radhi hadharani kwa nguvu iliyotumika katika siku hizo za mwanzo za kafyu. Niliisikia redioni nikiwa nakosha vyombo, nikaacha bomba wazi.

Nimeifikiria jioni ile mara nyingi. Amri ilisema saa moja kwa watu wote, lakini mwenye gari na nyumba Nyali, kusikohitaji feri, anaweza kuondoka kazini saa kumi na mbili na nusu akafika kwake salama. Kibarua wa Likoni anategemea msimamizi amruhusu, matatu ipatikane, na feri ipungukiwe na watu. Matatu za abiria kumi na wanne zilikuwa zimeamriwa kubeba wanane, na nauli yetu ikapanda. Ukitaka kuwapangia watu saa, anza kuhesabu kutoka kwa yule atakayefika wa mwisho. Hili nililichukua kutoka foleni ya feri nikaliingiza katika mambo yangu yote yaliyofuata miezi ile, hata katika kufundisha. Na huko feri kwenyewe, mwanzoni mwa 2021, likafunguliwa daraja linaloelea la waendao kwa miguu, kutoka Liwatoni hadi Ras Bofu. Kila nilipolipita nilimtafuta kijana wa mkokoteni, ingawa sura yake sikuiona vizuri kwa machozi.

*

Mama muuza mahamri alibisha hodi kwangu asubuhi moja ya Aprili. Sikuwahi kuzungumza naye mahali pengine isipokuwa penye benchi lake karibu na geti la feri. Alikuwa na beseni limefunikwa kitambaa, na mahamri yote ndani yake.

"Mwalimu, feri haina watu," alisema. "Waliopo wanaogopa kula cha mkononi. Nimeona nisiyarudishe nyumbani bila kukupitia."

Nilimuuliza anakaa wapi. Akaonyesha kwa kidevu: nyuma ya msikiti, nyumba ya nne kutoka kwangu. Miaka tisa nilikuwa nikila mahamri ya mwanamke huyu na sikujua kwamba ni jirani. Niliona aibu, na naitaja hapa kwa sababu aibu ile ilinifaa.

Tulikaa mlangoni, yeye huku mimi kule, tukapiga hesabu. Tatizo lake halikuwa kukosa wateja peke yake. Alikuwa akinunua unga kwa pesa ya jana. Jana ikikosa pesa, kesho hapana unga. Nikampitia kila jirani wa kichochoro chetu. Nyumba tisa zilikubali kuagiza usiku na kulipa usiku uleule, kabla mahamri hayajakandwa. Kuanzia katikati ya Machi kutuma M-Pesa isiyozidi shilingi 1,000 kulikuwa hakutozwi ada, na hilo, ambalo kwa wenye pesa nyingi halikuwa na uzito, kwetu lilikuwa jambo kubwa. Ungeweza kumtumia mtu shilingi hamsini ikafika hamsini kamili. Saa moja asubuhi mwanawe alipita akiweka mahamri dirishani, yamefungwa kwa jani la mgomba, na kugonga mara mbili.

Mlio huo wa mara mbili ndio ulioirudisha asubuhi nyumbani kwangu. Mwanangu alianza kuamka kuuwahi. Chai ikarudi saa moja, baada ya chai kuoga, baada ya kuoga kitabu. Nilikuwa nadhani nimemsaidia yule mama. Ukweli ni kwamba sote wawili tulikuwa tumepoteza kitu kimoja, na kila mmoja alikuwa na nusu yake.

Dukani nako nilijifunza jambo la kufanana na hilo. Mwezi wa Aprili shule ilitulipa nusu mshahara, na Mei haikutulipa kabisa. Sitaitaja jina, karo ilikuwa haiingii, na walimu wa shule nyingi za kibinafsi walipatwa na hayohayo. Nilimwendea mwenye duka siku ileile nilipopata habari, wakati bado nina akiba kidogo na sidaiwi chochote. Nikamwambia mshahara umekatika na sijui utarudi lini. Alinyamaza, akafungua daftari ukurasa mpya, akaandika vitu vinne: mchele, unga, mafuta, sabuni. "Hivi vinne sitakunyima," akasema. "Vingine usiniombe, tutakosana." Wapo waliongoja mpaka walipoishiwa ndipo wakaenda, na wapo waliohamia duka jingine kuukwepa uso wake. Yeye mwenyewe alikuwa akidaiwa na wenye maduka ya jumla kule sokoni Marikiti. Mtu anayekukopesha naye ana siku yake ya kupanga, na kumwambia mapema ni kumpa nafasi ya kuipanga. Deni lile nilimaliza kulilipa mwaka uliofuata, baada ya shule kufunguliwa kikamilifu Januari 2021.

*

Kuhusu masomo ya simu nitasema kidogo tu, kwa kuwa wengi wameyaeleza. Kati ya wanafunzi wangu thelathini na wanane niliwapata kumi na saba. Vipindi vya redio na televisheni vya Taasisi ya Ukuzaji Mitaala vilikuwepo, na waliokuwa na redio niliwahimiza wavifuate. Mimi nilikuwa nikituma sauti zilizorekodiwa, fupi, zisizokula bando, kila siku saa tatu asubuhi. Hakuna aliyejibu. Nilishikwa na hasira, kisha nikaikumbuka foleni ya feri, nikauliza ni nani anayefika wa mwisho. Jibu lilikuwa simu yenyewe! Saa tatu asubuhi simu iko mfukoni mwa baba aliyekwenda kutafuta kibarua. Inarudi nyumbani kabla ya saa moja jioni, kwa sababu ya kafyu. Nikahamisha somo hadi saa mbili usiku. Wiki ile wakajibu kumi na watano, na mama mmoja wa Mtongwe akanieleza kwamba mwanawe huweka sauti yangu juu kwenye ngazi ili watoto watatu wa ghorofa ya chini, wa shule nyingine kabisa, nao wasikie.

*

Ramadhani iliingia mwishoni mwa Aprili. Misikiti ilikuwa imefungwa. Adhana ilibaki, safu hazikuwepo. Mtu ambaye hakukulia Pwani huenda asijue jinsi Ramadhani yetu inavyokaa nje ya nyumba: watu wanaofuturu na kutoka, vibarazani kahawa na tende, watoto barabarani mpaka tarawehe zimalizike, sahani zilizofunikwa kawa zikipita mlango hadi mlango. Mwaka ule magharibi iliingia kwenye saa kumi na mbili na robo, na saa moja njia ilikuwa imefungwa. Tulibaki na dakika arobaini na tano za kuwa majirani.

Sahani zilikuwa taabu. Kwa desturi sahani ya futari hairudi tupu, na sasa watu waliogopa kugusa vyombo vya wenzao, lakini waliogopa zaidi kuonekana wamekata mkono. Kwa siku kadhaa hakuna aliyepeleka. Aliyetuondolea shida ni yuleyule mama wa mahamri, kwa jani lake la mgomba: futari ikafungwa ndani ya jani, jani likatupwa, na jibu likarudi katika jani jipya.

Tarawehe tulisali sebuleni. Mwanangu alikuwa na miaka kumi na mmoja na alihifadhi sura fupi za juzuu ya mwisho. Aliniuliza kama inafaa asalishe. Tunaofuata madhehebu ya Shafii twajua kwamba mtoto mwenye kupambanua anaweza kusalisha, nikamwambia inafaa. Usiku wa kwanza alisoma mbio, sauti ikikatika. Baba yake alimtumia kutoka Doha rekodi za sauti yake mwenyewe akisoma, ili amfuatishe. Kufikia kumi la mwisho mtoto alikuwa anasimama mbele yangu kwa utulivu nisioujua, na mimi nyuma yake nilikuwa nikilia pasipo huzuni.

*

Tarehe 6 Mei ikatangazwa kwamba Mji wa Kale umefungwa, sawa na Eastleigh kule Nairobi. Hakuna kuingia, hakuna kutoka, siku kumi na tano, ambazo baadaye ziliongezwa hadi tarehe 6 Juni. Mamangu alikuwa ndani, ana miaka sabini na mbili, pamoja na dada yangu mkubwa asiyesikia vizuri.

Niliweka kengele kwenye simu: saa kumi alasiri, saa ile niliyokuwa nikinywa naye chai. Siku za kwanza nilimpigia kama muuguzi. Umepima presha? Umemeza za mchana? Nani alipita mlangoni? Majibu yake yalizidi kuwa mafupi. Siku ya nne alisema, "Mimi sijambo, mwanangu. Kama huna jingine, acha nipumzike." Akakata.

Nilikaa na maneno hayo usiku kucha. Kule Kibokoni watu walikuwa na hofu ambayo wa nje hawakuielewa. Waliokuwa wamepelekwa karantini miezi ya kwanza walidaiwa gharama zake, na jina la nyumba lilibaki midomoni mwa watu. Kikohozi kilifichwa. Mama aliniambia baadaye kwamba moshi wa jiko ukimpalia alikuwa akifunga dirisha kwanza ndipo akohoe. Katika hali hiyo kila swali langu la presha lilimfikia kama la mpimaji mwingine aliyekuja kubisha mlango. Nilimpenda na nikamhoji.

Kesho yake nilipopiga nilimuuliza kwa nini kaimati zangu zinasinyaa zikiingia kwenye shira. Kukawa kimya, nikadhani simu imekatika. Halafu akaanza. Nilikuwa natia maji mengi. Nilikuwa siupigi unga wa kutosha. Unga wa kaimati hupigwa kwa kiganja mpaka mkono uchoke na vipovu vionekane. Shira yangu bila shaka ilikuwa ya moto nami natumbukiza za moto. Moja kati ya mbili lazima iwe imepoa. Iliki isagwe saa hiyohiyo. Alizungumza dakika ishirini, na mwisho, bila kuulizwa, akasema presha ya asubuhi ilikuwa sawa na dawa zimebaki za siku sita.

Dawa nilizipeleka mwenyewe. Pale kizuizini palikuwa na meza. Unaweka mfuko, unarudi nyuma, mwenye mkokoteni aliyeruhusiwa kuingiza vyakula anauchukua. Niliandika namba ya nyumba kwa wino mzito na kutia kaimati saba juu ya dawa. Jioni Mama alipiga yeye. "Tano zimetulia," akasema. "Mbili bado zina maji."

Tangu siku hiyo sikuwahi kumuuliza kuhusu mwili wake kabla ya kumuomba kitu alichonacho. Nilimuomba dua, nyimbo za harusi alizokuwa akiimba ujanani, majina ya waliokuwa wakikaa nyumba zile kabla ya hawa wa leo. Akawa anaingojea saa kumi. Dada alinitumia ujumbe kwamba tangu saa tisa na nusu Mama huoga, hujifunga leso safi na kukaa karibu na simu. Na nilipomaliza naye, Mama alimpigia mdogo wake wa Lamu, mjane anayeishi peke yake, akampelekea yote tuliyozungumza. Ikawa mlolongo. Mwenye Lamu alijua kwamba kabla ya magharibi kuna mtu atamtafuta.

Idd ilitukuta Mama na dada bado wamefungwa. Tulipeana mkono wa Idd kwa simu, na mwanangu alivaa kanzu ya mwaka uliotangulia, mikono imemfupikia.

*

Mapema Jumapili ya tarehe 7 Juni kizuizi kiliondolewa, na kafyu ikasogezwa hadi saa tatu usiku. Nilivuka na feri ya mchana, barakoa usoni, mwanangu ubavuni. Watu walisimama wameachana, na ukimya ulikuwa wa msikitini.

Mama alikuwa barazani. Nilitaka kumbusu mkono kama tufanyavyo, nikasita, naye akauweka mkono kifuani kwake akanipa ishara nikae upande wa pili wa baraza. Kati yetu dada akaweka sinia: kahawa, visahani, kaimati alizozipiga Mama mwenyewe. Tuliulizana hali kama watu waliokutana safarini. Alikuwa amekonda kidogo. Mjukuu alimsomea sura mbili alizohifadhi, akaomba amsomee tena ya pili.

Simu yangu ikalia ndani ya mkoba.

"Pokea," Mama akasema. "Usimkawize mtu."

"Ni kengele, Mama. Ya kukupigia wewe."

Aliutazama mkoba, kisha akanitazama mimi, akatikisa kichwa taratibu.

"Basi ushanipigia. Na mie nipishe, kuna mtu Lamu ananingoja."

Akaisogeza simu yake mbali na macho, akaanza kulitafuta jina kwa kidole kimoja, na mimi nikammiminia kahawa nikasubiri amalize.